Koli au Buldogi

Mfuga mbwa alituletea wawili tuchague: buldogi, na koli wa kuchungia kondoo. Mimi na baba tulimng'ang'ania buldogi, maana alifika tu akalala, mtu wa kwetu kabisa. Mama hakutaka hata mmoja. Alitenga chakula, akatuita, na kama kawaida hakuna aliyejitikisa.

Koli ndiye aliyemsikia. Alimsukuma baba kwa pua mpaka akaachia kochi, akanizunguka mimi na simu yangu, akabwekea mlango wa bafu hadi kaka akatoka na povu kichwani. Kufumba na kufumbua tulikuwa mezani, tumebanana kama kondoo, hatuna mbavu kwa kucheka.

"Huyu abaki," mama alimwambia mfugaji. "Yule mlalaji mchukue. Wa aina hiyo ninao watatu."