Msaidie, Bwana

Ujanani nilikuwa mzungu wa Memphis, Marekani, aliyejifunza kuimba kwa kilio kwa kusikiliza santuri za weusi. Nilijua pa kukwaruza koo, pa kupiga goti, hata pa kufuta jasho ambalo halijatoka. Baba, fundi wa mashine za pamba, alinisikia nikijinoa bafuni akauliza kama nimeteleza.

Nilikuwa na wimbo mmoja wa kurekodi, na wenye studio waliapa hawaugusi bila sauti ya Dada Odessa Tidwell, mwimbaji wa kanisa la weusi, nyuma yangu. Yeye akasema nije kanisani kwao Jumapili, anisikie kwanza.

Nikaenda na suti ya samawati. Ubeti wa kwanza tu, bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye kofia ya manyoya, akasema, "Msaidie, Bwana." Mwenzake akadakia. Kufika kiitikio, kanisa zima lilikuwa linasema msaidie, msaidie, huku wakijipepea. Nikajiambia, Lyle, umefika. Nikaongeza kilio, nikapiga goti, nikarudia kiitikio mara nne. Ya tano, mpiga piano akafunika piano yake.

Nikaketi kando ya Dada Odessa nikihema, nikamwambia watu wake wamenipenda mno, wameniombea wimbo mzima.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hapa mtu akiimba vizuri tunamwambia imba. Msaidie tunasema kwa anayezama."

Aibu ilinipanda hadi masikioni, na masikio yangu si madogo. Akaniuliza mama yangu huimba nini akianika nguo. Nikasema ni tenzi za kwetu mashambani, za kuimbwa puani, hazifai mbele za watu. Akanisukuma nisimame.

Nikauimba wimbo wa mama kwa pua yangu mwenyewe, bila goti. Katikati nikakumbuka kwamba tangu Pasaka mama hana nguvu za kunyanyua hata beseni la nguo, na sikuwa nimemwambia mtu. Sauti ikakatika. Hapo hakuna santuri iliyonifundisha la kufanya.

Yule bibi wa kofia akaacha kujipepea. "Msaidie, Bwana," akasema, polepole.

"Amina," nikaitikia, maana safari hii nilikuwa nazama kweli.

Nyuma yangu, Dada Odessa akaanza kuimba.