Mwenye Fyuzi

Sisi mafundi wa mitambo ya baridi tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ukipanda paani kuishika mashine, unang'oa fyuzi yake kwanza na kuitia mfukoni mwako. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi inaweza kuwashwa na mpishi, mfagiaji, au meneja aliyezidiwa na joto, na wewe huko juu umeingiza mkono kwenye feni. Lakini fyuzi ikiwa kwako, hakuna wa kuiwasha mashine hiyo mpaka wewe urudi uirudishe. Mwenye fyuzi ndiye wa kurudi. Fundi aliyenifunza kazi alinipigia kelele maneno hayo mpaka yakaniganda kichwani, na yeye mwenyewe alikuwa na vidole tisa.

Ubaya ni kwamba mifuko yetu huwa haiishi vitu. Marehemu mke wangu kila akifua alikuta fyuzi zilizoungua, skrubu na vipande vya waya, akavitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga pale dirishani huku akilalamika, "Hivi mimi nimeolewa na mwanamume au na duka la vifaa?" Binti yetu alipokuwa mdogo alilimwaga kopo hilo sakafuni na kuchezea vilivyomo. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, fyuzi ya kauri nyeupe, nene kama kidole gumba, aliifanya mtoto wake. Aliifunga kitambaa, akaibembeleza, akailaza. Nikirudi jioni alinipekua mifukoni hata kabla ya kuniamkia, na akikuta fyuzi ya watu alinisukuma nje ya mlango kwa mikono miwili. "Rudi, baba! Mwenye fyuzi ndiye wa kurudi!" Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa mama huyo hayupo, na binti anafanya kazi mbali. Tangu msiba hajaja tena. Simlaumu. Nyumba imenipwaya hata mimi ninayelala humo, sembuse yeye. Ovaroli zangu nazifua zikishaweza kusimama zenyewe, na mifuko haipekuliwi na mtu.

Siku ninayoisimulia ilianza kama nyingine zote. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, maana nikikaa mezani naviona vile viti viwili. Kazi ya kwanza ilikuwa ofisi ya ghorofani ambako watu wanagombania kiyoyozi kuliko wanavyogombania vyeo. Mhasibu amejitanda shuka kama mgonjwa, bosi anajipepea na faili. "Fundi, inapuliza baridi mno." "Fundi, haipulizi kitu." Nilitoa kichujio kilichojaa vumbi kama godoro kuukuu, nikakiosha, nikakirudisha, na wote wawili wakasema sasa iko sawa. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. Watu humwona fundi kwa shida yao, na shida ikiisha, naye huwa ameisha. Zipo siku ambazo kutwa nzima sikusema neno lolote ila "zima" na "washa."

Kazi ya pili ilikuwa kwa Mama Keki. Huyo ana jiko kubwa la kuoka na chumba baridi cha kuhifadhia, na mdomo wake peke yake ungetosha kuendesha mota. Chumba chake kilikuwa kimegoma kupoza, na ndani yake kulikuwa na keki ya harusi ya ngazi tano, ya kesho yake.

"Fundi Baridi, keki hii ikiyeyuka, mimi na wewe tutahama mji," aliniambia.

"Utahama wewe. Mimi sijui hata kuoka."

Bibi harusi mwenyewe alikuwa amekuja kuiona, pamoja na baba yake. Mzee wa makamo yangu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alikinyanyua kitambaa cha keki kwa ncha za vidole, akachungulia, akamwuliza bintiye, "Sasa yote hii italiwa na nani?" Yule binti akacheka na kumwegemea begani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na spana yangu. Nikajifanya natafuta skrubu.

Nilipanda paani, nikang'oa fyuzi, nikaitia mfukoni. Tatizo halikuwa kubwa. Kile kikopo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza kilikuwa kimevimba, nikakibadilisha. Nikarudisha fyuzi, nikawasha, mashine ikanguruma vizuri na chumba kikaanza kupoa. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kifuniko kimoja karibu na feni, kilichokuwa kinagonga ta-ta-ta. Fundi mwingine angekiacha. Mimi kitu kikigonga hivyo nahisi kinanitukana. Nikang'oa fyuzi tena, nikaitia mfukoni, nikachukua bisibisi. Ndipo simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Kuna nini, mwanangu?" Mzazi akipigiwa saa za kazi huwaza mabaya kwanza.

"Hakuna kitu. Nimetumwa safari ya kazi, nabadilisha basi hapo kwenu. Nafika alasiri, na la pili linaondoka jua likizama. Nije nyumbani?"

Alisema "hapo kwenu." Iliniuma, nikaimeza.

"Hilo nalo ni swali? Njoo!"

"Usihangaike kupika lakini."

"Nani anahangaika?" nilimjibu, na tayari nilikuwa nimeshachinja kuku kichwani.

Nilikaza skrubu simu ikiwa imebanwa begani, nikamwuliza kama anakula vizuri, nikafunga boksi la mashine, nikashuka ngazi mbilimbili kama kijana. Jikoni mashine za kukandia unga zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba hata ungelipua baruti usingesikika. Mama Keki alifungua chumba baridi. Feni ya ndani ina njia yake ya umeme, kwa hiyo ilikuwa inapuliza, na ubaridi wa pale nilipoijaribu mashine ulikuwa bado umo. Aliweka mkono hewani akatabasamu. "Mikono yako ibarikiwe." Mimi nilikuwa nimeshapanda pikipiki.

Nilinunua kuku na mchele. Nilifagia mpaka chini ya kitanda, nikazisukuma ovaroli chafu nyuma ya mlango wa bafu zisionekane, nikafuta meza na vile viti viwili. Dirishani sikugusa kitu, maana lile kopo tangu msiba sijalishika, vumbi lake limekuwa kama mfuniko. Nilikuwa naimba, na siimbi mimi. Nikabandika sufuria, nikatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti.

Nikashika fyuzi.

Niliitoa nikaitazama. Haraka haraka haina baraka, mama yangu alinambia tangu sijaota meno, na bado. Halafu nikakasirika. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, keki ni nini? Ni unga na mayai. Watakula mkate. Mwaka wote nahangaikia baridi ya watu, leo mwanangu anakuja, na mimi nina haki ya kukaa kwangu nikamfungulia mlango. Nilikaa kabisa kitini ili kujionyesha kwamba siendi. Lakini nikawa namwona yule mzee na ncha zake za vidole, na binti yake begani.

Kumtuma mtu haikuwezekana. Umeme ule ukimpa asiyeujua, umemuua. Nikampigia Mama Keki.

"Nilikuwa natafuta namba yako!" alipiga kelele. "Krimu inatoka jasho!"

"Funga mlango, usifunguliwe tena. Nakuja."

Binti yangu nilimpigia mara kadhaa, hapatikani, yuko njiani. Nilizima moto, nikampelekea ufunguo jirani, yule aliyekuwa shoga wa marehemu mke wangu.

"Dada, mwanangu atakuja sasa hivi. Mpe ufunguo, mwambie anisubiri. Naenda na kurudi."

"Unaenda wapi na hiyo risasi mkononi?"

"Ni fyuzi!"

Nilidhani ni kazi ya kupachika na kuondoka. Lakini chumba kilikuwa kimeshapata joto, wafanyakazi walikuwa wameingia na kutoka, na mashine ikakuta mzigo mzito kuliko kawaida. Iliwaka, ikanguruma kidogo, ikajikata. Mashine iliyojikata kwa joto lazima uisubiri ipoe, na hakuna dua wala tusi litakaloiharakisha. Nilijaribu yote mawili. Nilipowasha tena ikajikata tena. Basi tukaingia chumbani mimi na Mama Keki, tukafunga mlango, tukahamisha trei zilizokuwa zinaziba upepo, tukaizungushia keki mabonge ya barafu kwenye mabeseni. Yeye alikuwa anaisemesha keki kama mtoto mwenye homa. Safari ya tatu mashine ilishika, ikaendelea, na mimi nikasimama ndani na kipimo changu mpaka nilipoona kweli baridi inarudi. Nilijua nachelewa. Kila dakika nilijua.

"Lakini kulikuwa na nini?" Mama Keki aliniuliza.

"Fyuzi nilikuwa nayo mimi. Nilikwenda nayo nyumbani."

Alinitazama, akaangua kicheko mpaka akaketi juu ya ndoo. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, sikuweza kumkasirikia. "Hukuwa na shughuli nyingine lakini?" akauliza, akijifuta macho.

"Hapana," nilisema. Ningemweleza ningelia, na kule ndani machozi yangeganda.

Kuta za chumba baridi ni za bati nene, simu haipenyi. Nilipotoka nje ikatetemeka mfukoni: binti yangu alikuwa amenipigia, na kupiga tena, na tena. Nikampigia, hapatikani. Juu ya mapaa jua lilikuwa limeshazama.

Niliendesha pikipiki kwa fujo, bila sababu yoyote, maana basi halimsubiri mtu. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi. Sikuhitaji kuuliza.

"Amekaa mpaka dakika ya mwisho," alisema. "Alikuwa anatoka anachungulia barabara, anarudi ndani."

"Amekasirika?"

"Ingia ndani kwanza."

Niliwasha taa. Kwenye kamba ya uani ovaroli zangu tatu zilikuwa zimeanikwa, zinachuruzika maji. Jikoni kuku alikuwa amepikwa. Sahani moja ilikuwa imeoshwa, na nyingine ilikuwa mezani imefunikwa, mbele ya kiti changu. Nikageuka dirishani. Kopo la maziwa lilikuwa limefutwa vumbi, linang'aa, na limejaa mpaka juu. Alikuwa amezipekua zile ovaroli. Vyote vya miezi yote hiyo, ambavyo havikuwa na wa kuvitoa, vilikuwa mle.

Sijui kilichonituma. Nilipiga magoti nikalimwaga kopo sakafuni, kama alivyokuwa akifanya yeye. Skrubu zilitawanyika mpaka chini ya meza. Nikavipangua kwa kiganja, fyuzi nyembamba, fyuzi nyeusi zilizoungua, vipande vya waya. Ile nyeupe ya kauri, ile aliyokuwa akiilaza, haikuwemo. Nikatafuta tena, nikatafuta chini ya kabati.

"Unatafuta nini?" jirani aliuliza kutoka mlangoni.

"Kulikuwa na fyuzi kubwa. Nyeupe."

"Eh! Kumbe ndiyo hiyo. Aliniachia salamu, mimi nikaona ni maneno ya kitoto, nikasema nisikusumbue nayo." Akajikohoza kidogo, kama mtu anayetaka kuyafikisha maneno ya watu bila kuyapunguza. "Alisema hivi: mwambie baba, fyuzi ninayo mimi."

Nilibaki palepale sakafuni, kati ya skrubu, nikalia waziwazi, mtu mzima na mvi zangu. Jirani akageukia uani na kujifanya anazitazama nguo kambani.