Mtoro wa Siku Ishirini na Moja

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, wakili Musembi alikuwa dirishani na kikombe cha chai, akihesabu watu waliokuwa wakipanda ngazi za jengo la ng'ambo ya barabara. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kila siku, kabla hajafungua faili lolote. Walipanda wapishi wawili wa shule ya bweni. Akapanda dereva wa lori la mifugo kutoka Hulugho, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Akapanda mama mmoja aliyebeba bahasha ya kahawia kwa mikono miwili, jinsi watu wanavyobeba barua za kuachishwa kazi. Wote walikuwa wamepita chini ya kibao chake yeye, kilichotangaza kwa herufi kubwa kwamba hapa yupo wakili wa masuala ya kazi, wakavuka barabara wakaenda kwa wakili Idman.

Wa tano alikuwa Ogle, bawabu wa maghala ya sukari, ambaye alikuwa amekufa miezi miwili iliyopita.

Alivaa sare yake ya samawati iliyopauka, na mabegani alikuwa na mchanga wa makaburini. Alingoja tuktuk ipite, akaangalia kulia na kushoto, akavuka. Musembi aliweka kikombe chini. Hakuchomwa na kumwona maiti anatembea. Watu wa Garissa wameona mengi. Kilichomchoma ni kwamba hata maiti alikuwa amempita.

Musembi alikuwa na miaka kumi na sita mjini hapo. Alitoka Kitui na sanduku moja, wakati ambapo mawakili wenzake walikataa hata kusikia habari za kwenda Garissa, na tangu siku hiyo hakuwahi kusimama mahakamani upande wa mwajiri, hata mara moja. Aliwatetea wauguzi, madereva, walinzi na wachinjaji. Idman alikuja kwake kama mwanafunzi, akakaa mwaka mzima kwenye meza ndogo karibu na mlango. Musembi ndiye aliyemfundisha kwamba shahidi haulizwi swali ambalo wakili hajui jibu lake. Ndiye aliyemfundisha pia kwamba wakili hazungumzi na mteja wa mwenzake kisirisiri. Idman alimwita mwalimu, na hata alipofungua ofisi yake mwenyewe hapo ng'ambo, aliendelea kumwita mwalimu.

Mwanzoni Musembi alijiambia kwamba wateja wanamfuata Idman kwa sababu anazungumza Kisomali. Lakini walimu kutoka Meru na wauguzi kutoka Nyeri nao walivuka barabara, na hakuna kati yao aliyejua hata kusalimia kwa Kisomali.

Kufikia adhuhuri mji wote ulijua shauri la Ogle. Alikuwa amelinda lango la maghala kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja Mureithi, afisa aliyesimamia wafanyakazi wa kampuni, alimwita ndani amshikie ngazi, na rundo la magunia ya sukari likamwangukia. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Mureithi alihudhuria mazishi, akaleta mchele na sukari kwa niaba ya kampuni, akatoa pole. Kisha akarudi ofisini. Siku baada ya siku daftari la mahudhurio lilionyesha nafasi tupu mbele ya jina la Ogle, na Mureithi hakuwa mtu wa kupuuza daftari. Siku ya ishirini na moja aliandika barua kwamba Ogle ametoroka kazi na kwa hiyo ameachishwa.

Barua ilipelekwa kwa Arbia, mjane, aliyekuwa edani. Bintiye aliisoma kwa sauti. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Ogle alifika langoni, akaweka saini. Mureithi alimweleza kwamba ameachishwa kazi. Ogle alisema amesikia, akalifungulia lango lori la kwanza.

Kampuni haikumfukuza, kwa sababu tangu arudi wezi wa magunia walikuwa wameacha kuja. Wala haikumlipa, kwa sababu hakuwa mfanyakazi wake. Ogle hakwenda nyumbani. Alisema mauti yamevunja ndoa, na sheria ni sheria. Arbia alimtumia chai ya maziwa ya ngamia kwa mkono wa jirani. Hakuinywa, lakini kila mara alirudisha themosi ikiwa imeoshwa.

Hakutaka mengi. Alitaka neno moja litolewe katika ile barua, kwa sababu wanawe walikuwa wameanza kuitwa watoto wa mtoro.

Juma lile Musembi hakufikiri jingine. Kesi kama hiyo humjia wakili mara moja maishani, ikiwa itamjia. Je, kifo huvunja mkataba? Je, aliyezikwa huhesabiwa kuwa hayupo kazini? Akilini aliona jina la Idman limechapishwa kwenye vitabu vya mahakama, wanafunzi wa sheria Nairobi wakilikariri. Siku ya Jumatano, jua lilipoanza kupoa, alinunua chupa ya maji baridi akaenda kwa miguu mpaka lango la maghala.

Alimkuta Ogle amesimama wima kivulini, rungu kwapani. Wakasalimiana. Musembi akamuuliza kwa nini hakwenda kwake, mtu wa miaka kumi na sita katika kazi hiyo.

"Mwaka jana nilileta ndugu yangu kwako," Ogle alisema. "Wewe uliuliza barua iko wapi. Abaayo Idman, dada yetu huyu, aliuliza kama ndugu yangu amekula."

Hakusema kwa ubaya. Musembi akalainisha sauti, sauti aliyoitumia kwa wateja wake waliofiwa.

"Na siku ile, kabla ya kuondoka, ulimwambia mtu yeyote?"

"Kuondoka wapi?"

"Kufa."

"Hapana. Ilikuwa haraka, wakili."

"Hukujaza hata fomu ya likizo?"

"Fomu iko ofisini," Ogle alisema. "Mimi nilikuwa chini ya sukari."

Musembi alimshukuru, akamwachia maji. Asubuhi ya Alhamisi alimpigia simu Mureithi mwenyewe, bila kuombwa, akajitolea kuitetea kampuni.

Jaji wa masuala ya kazi alikuja Garissa kila baada ya miezi miwili. Siku ya kesi makorongo walikuwa wamejipanga juu ya paa la mahakama kama kawaida, na ndani feni ilikuwa moja. Ogle aliapishwa kama shahidi mwingine yeyote. Jaji aliagiza tu iandikwe kwamba shahidi ni marehemu, karani akaandika. Alipopewa kiti alisema bawabu hazoei kukaa, akabaki amesimama.

Idman alizungumza kwa nusu saa bila kutazama karatasi. Alisema mtu hawezi kula pilau ya mazishi ya mwenzake, kisha akarudi ofisini kuuliza mwenzake yuko wapi. Mureithi aliinamisha kichwa. Musembi alilisikia neno hilo likimwingia kama mwiba, kwa kuwa ndilo ambalo angelisema yeye, na asingelisema vizuri hivyo.

Zamu yake ilipofika aliuliza maswali mawili. Shahidi alimwarifu nani kabla ya kufa? Hakumwarifu mtu. Shahidi alijaza fomu ya likizo? Hakujaza. Musembi akakaa. Idman aligeuka akamtazama. Maswali yale yaliulizwa na mtu aliyekwisha sikia majibu, na Idman alijua mbinu hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa na Musembi.

Walikutana nje, penye kivuli cha ukuta.

"Mwalimu, ulikwenda kwa mteja wangu."

"Nilipita kumsalimu."

"Wewe ndiye uliyenikataza kufanya hivyo."

"Nilikufundisha mengi, Idman," Musembi alisema, akafungua gari.

Idman angeweza kumshtaki kwa chama cha mawakili. Musembi alingoja barua ya mashtaka mwezi mzima, haikuja. Alipoelewa kwamba haitakuja, alimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba anaweza kuwa na jiwe mkononi na asilirushe.

Hukumu ilisomwa baada ya Arbia kumaliza eda. Alikuja, akakaa benchi la nyuma, na Ogle alimwamkia kutoka mbali kama mtu anavyomwamkia mke wa jirani. Jaji alisema sheria imetaja sababu za kutokuwepo kazini, na kila sababu ina taarifa yake. Marehemu hakutoa taarifa. Kampuni ilifuata utaratibu wake hatua kwa hatua, kwa hiyo barua inabaki kama ilivyoandikwa. Ama kuhusu marehemu kuendelea kufika langoni, hakuna sheria inayomzuia mtu kusimama mahali kwa hiari yake.

Ogle alimuuliza Idman kama lile neno limetolewa. Idman alimwambia halijatolewa, na kwamba watakata rufaa. Ogle alisema sawa, lakini zamu yake inaanza saa nane, akaaga akaenda.

Kampuni ilimfanya Musembi kuwa wakili wake wa kudumu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuongeza kifungu katika mikataba yote, kwamba mfanyakazi anayetarajia kufa atoe taarifa ya maandishi siku saba kabla. Wafanyakazi walitia saini, Mureithi naye akatia. Musembi alidhani kwamba mji, ukishasikia nani kashinda, utajua mlango wa kwenda. Alinunua viti vinne vipya vya wageni. Vilikaa na nailoni zake.

Mwezi wa pili baada ya hukumu, siku ya Jumanne, mtu alipanda ngazi zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mchanga umemshika kwenye pindo la hijabu. Alisema anaitwa Bilan, alikuwa mwalimu katika shule moja upande wa Griftu. Alikufa akijifungua katika juma la pili la muhula, na shule ilimwachisha kazi kwa kutosahihisha mitihani. Musembi aliinuka upesi, akachana nailoni ya kiti cha kwanza, akamwomba aketi.

Bilan hakuketi.

"Wewe ndiye wakili wa kesi ya Ogle?"

"Mimi ndiye niliyeshinda," Musembi alisema.

"Basi unisamehe, nimekosea mlango. Nimeambiwa niende kwa yule aliyeshindwa."

Musembi alimwelekeza: ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, mlango wa buluu. Aliongeza kwamba aende sasa, kabla ofisi haijafungwa kwa sala. Bilan alimshukuru akashuka taratibu. Musembi alibaki ameshika kile kipande cha nailoni, na wivu ulikuwa palepale kifuani mwake, mzima, haukupungua hata chembe.

Wakati huohuo, katika maghala, Ogle alilifungulia lango lori la sukari lililotoka Liboi. Aliandika nambari yake, akamkumbusha dereva apunguze mwendo, akafunga lango nyuma yake. Ofisini, katika faili lake, alikuwa bado mtoro.