Nyota Iliyomponyoka Mzee Zubery

"Wallahi hii ni kweli tupu! Nikiongopa, ziwa hili likauke!" Mzee Zubery aliwaapia majirani zake wa mtaa wa Kasingirima, kando ya ziwa. Babu yake, alisema, aliwahi kuunasa mwezi kwa wavu wa dagaa, akaukwangua magamba, ndiyo maana hadi leo una madoa. Tangu hapo mwezi unautii ukoo wao. "Leo redio ikigonga saa mbili, nitapiga kofi moja tu, na mwezi utaimeza nyota ile."

Mwezi mchanga ulikuwa umeegemea upande wa Kongo, mwembamba kama ukucha. Nyota moja ilimetameta karibu na ubavu wake wa giza.

"Na usipoimeza?" aliuliza Fébronie, mpangaji wake wa chumba cha uani, aliyekimbia Burundi akapitia kijiji cha mpakani cha Kagunga na mwanawe Ella mgongoni, bila mumewe Calixte.

"Dai utakacho, Mama Ella."

"Redio."

Majirani wakaguna. Saa mbili Mzee husikiliza taarabu yake, na saa hiyohiyo stesheni nyingine husoma majina ya wakimbizi wanaotafutana. Kila jioni Fébronie huomba. Kila jioni Mzee husema betri zimechoka, kisha betri hizohizo huimba.

"Haya, saa mbili ya kila siku iwe yako. Lakini nikishinda, usiniombe tena."

Fébronie aliitazama redio. "Ego," akakubali kwa Kirundi.

Zubery hakuwa na wasiwasi. Mpwa wake Haruna, baharia wa Dar es Salaam, alipokuja juzi kwa treni alimnong'oneza kwamba nyota itamezwa saa mbili, kwani mabaharia wana hesabu zao za mwezi. Akamwambia pia kwamba nyota haififii. Hukatika ghafla, kama utambi uliofinywa.

Basi akajitengeneza kanzu, akaupa mwezi mgongo, akaanza kuhutubia. Kule chini karabai za wavuvi ziliwaka mojamoja, hata usijue maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Kasingirima nzima ikawa kama inaelea. Sauti yake mwenyewe ikambembeleza. Akamwona babu waziwazi, magamba ya mwezi yakimng'aa viganjani.

"Mzee," Fébronie alisema taratibu. "Nyota yako imeshaondoka."

Akageuka. Mwezi ulikuwa peke yake, na redio ilikuwa bado haijagonga.

"Haiwezekani! Haruna alisema saa mbili!" Akajiziba mdomo, kachelewa. "Kumbe… ile ilikuwa hesabu ya wanaoutazama mwezi kutoka Dar. Huku kwetu mwezi umeifikia mapema."

"Loo, kumbe mwezi unamtii Haruna!" akadakia jirani yake Skolastika. "Na babu naye alivua nini, kandambili?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Fébronie hakucheka. Alinyoosha mikono, na Mzee akampa redio.

Saa mbili ikagonga. Fébronie akazungusha kitufe, mkwaruzo mtupu. Mzee akaushika waya wa antena, akauinua kuelekea ziwani, na sauti ikaingia, jina baada ya jina. Kila aliposhusha mkono, majina yalizama.

"Juu kidogo, Mzee."

Akasimama kwa ncha za vidole.

"Nyota itatokea saa ngapi upande wa pili wa mwezi?" Fébronie alinong'ona, sikio likiwa redioni.

"Hilo Haruna hakuniambia," alisema Zubery, akaubadilisha mkono uliochoka, bila kuuachia waya ushuke.