Sanduku la Javan Lilivyovuja Ogwedhi

Wacha niseme ukweli mapema: lile sanduku nililichukia tangu siku ya kwanza. Lilikuwa kubwa kama kitanda cha mtoto, zito ajabu, limefungwa magurudumu mawili ya baiskeli yasiyolingana, na lilikuwa linavuja. Mume wangu Javan alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akalipaka rangi ya buluu, akalizunguka mara tatu akitabasamu peke yake. Nikamuuliza kama limeacha kuvuja. Akasema linavuja kidogo tu. Miaka yote niliyokaa na Javan, kitu chake hakijawahi kuharibika sana, kila mara ni kidogo tu.

Javan ni mtu wa Homa Bay, mtoto wa wavuvi. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru alikuwa akifanya kazi gatini kwa tajiri mmoja wa samaki, akipanga samaki aina ya ngege kwenye barafu iliyoletwa na meli kutoka Kisumu. Hapo ndipo alipojifunza tabia za barafu: kwamba haitaki jua, haitaki upepo, na inapenda kufunikwa kwa magunia kama mgonjwa wa malaria. Kisha mzungu mmoja wa mambo ya pamba akawa anarudi kwao, akauza vyombo vyake vyote. Watu wenye akili walinunua viti na meza. Javan akanunua ndoo ya mbao yenye mkebe wa bati ndani yake na mkono wa kuzungusha, akaniletea nyumbani Migori, akaniambia kwamba sasa sisi ni watu wa aiskrimu.

Kazi yenyewe, nikubali, ilikuwa na utamu wake. Mimi nilichemsha maziwa, nikatia sukari na mayai, nikayaacha yapoe, nikayamimina kwenye mkebe. Javan aliponda barafu, akaishindilia kuuzunguka mkebe, akatupia chumvi ya mawe, konzi juu ya konzi. Mwanzoni niligombana naye kwa ajili ya chumvi ile, nikidhani anaiharibu bure. Kumbe barafu peke yake inapoza tu. Ni chumvi inayoitia ukali mpaka maziwa yagande. Baada ya kuzungusha hadi mabega yakauma, tuliuhamishia mkebe kwenye sanduku, lenye kuta mbili za mbao na unga wa mbao katikati, tukauzika tena kwenye barafu na chumvi, na hapo aiskrimu ilikaa ngumu kutoka asubuhi hadi alasiri. Chini ya sanduku kulikuwa na tundu la kutolea maji, na kwenye tundu kizibo cha mti. Kizibo hicho ndicho kilichokuwa adui yangu.

Mjini Migori tuliuza vizuri. Makarani, madereva, walimu, wanawake waliotoka kliniki, wote walipanga mstari wakacheka wenyewe baada ya kulamba. Ndipo Javan akaja na wazo lake. Twende Ogwedhi, akasema, kwenye soko la ng'ombe. Watu mia kadhaa, jua la kuchoma kichwa, na hakuna cha kunywa ila maji ya mtungi. Mimi nikasema hapana. Akauliza kwa nini, hali alijua kabisa kwa nini. Baba yangu hakukosa soko la Ogwedhi hata mara moja.

Sasa lazima mjue habari za baba yangu, Mzee Matiko. Sisi kwetu tunamwita baba Tata, na Tata wangu ni Mkuria wa ng'ombe, si wa kitu kingine. Javan alipokuja kunioa alileta ng'ombe wote wa mahari waliotakiwa, hilo hakuna anayelibisha. Lakini aliwaleta na binamu zake wavuvi, na jamani, wale watu hawakujua ng'ombe anashikwa wapi. Waliwafunga kamba za nyavu, wakawavuta mbele, wakawasukuma nyuma, wakawapiga fimbo mpaka fimbo zikaisha, na ng'ombe mmoja akajilaza mtoni akakataa kuamka hadi jua lilipogeuka. Walifika kwetu wamelowa na suruali zimechanika, na ng'ombe wamekasirika kuliko watu.

Tata aliwapokea, akanitoa kwa amani. Lakini ndugu zake walicheka siku nzima, wakamuuliza kama mkwe amekuja kuoa au kuvua, na jioni uvumilivu ukamwishia. Akasimama mbele ya wote akasema, "Siku ng'ombe watakapomfuata huyu mvuvi wenyewe, bila kamba na bila fimbo, siku hiyo nitakula chakula cha mkono wa binti yangu Rispa. Kabla ya hapo sitakula."

Yalikuwa maneno ya hasira tu, kila mtu alijua. Ila Tata akishasema amesema. Miaka mitatu nilikwenda kumsalimu na kikapu kichwani: ugali wa wimbi, kuku, maziwa ya kibuyu, vyote nimevipika mwenyewe kwa moyo wangu wote. Alinipokea vizuri, akaniuliza mvua za Migori, akamuuliza Javan habari za ziwa. Chakula kilipofunuliwa, kaka zangu walikula, wageni walikula, Tata alikunywa maji. Niliporudi njiani nililia kila mara, na sioni haya kulisema. Alikuwa anazeeka, magoti yamemwishia, na mimi niliogopa kwamba atakufa kabla hajaonja mkono wangu. Na ng'ombe wamfuate Javan wapi? Javan akiona ng'ombe barabarani huhama upande.

Basi nilikwenda Ogwedhi nimenuna. Tulipakia sanduku kwenye lori la wanunuzi wa ng'ombe, na njia nzima maji yalikuwa yakidondoka kwenye viatu vya watu, na njia nzima nikamweleza Javan juu ya kizibo. Sokoni tukasimama kando ya nguzo wanakofunga mafahali. Mtu wa kwanza kuonja, mzee mmoja wa Kimaasai, alitema chini akashika mdomo, akatangaza kwamba kimemuunguza. Mke wake akachukua kipande cha jani la mgomba tulichomwekea mzee aiskrimu, akalamba kidogo, akalamba tena, akageuka ampe mumewe mgongo mpaka akamaliza. Baada ya hapo hatukupumua.

Katikati ya kuuza, ndama wawili wakaja wakaingiza vichwa chini ya sanduku. Walikuwa wanalamba maji ya chumvi yaliyotoka kwenye tundu. Nikawapiga mwiko wa pua, wakarudi, nikawapiga tena. Nilipoinua macho nikamwona Tata. Alikuwa amesimama mbali kidogo, ameegemea fimbo yake, anatutazama. Alitazama ndama, akatazama sanduku, akatazama ndama tena, muda mrefu. Kisha akageuka akaenda zake bila hata kunipungia mkono.

Ile iliniuma sana. Nilimwambia Javan usiku huohuo kwamba mimi Ogwedhi sirudi, heri nifue nguo za watu. Siku mbili baadaye Javan akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kosa ni lake, kwamba angejua kuchunga ng'ombe ningekuwa nimekula na baba yangu zamani. Sikujua kwamba jambo hilo lilimkaa moyoni namna hiyo. Kwa hiyo soko lililofuata nikapanda lori, lakini kwa sharti kwamba kizibo kitengenezwe. Aliapa ametengeneza.

Tulikuwa tumeuza nusu ya mkebe nilipohisi watu wananiondokea mbele. Fahali mwekundu mwenye paji jeupe alikuwa anakuja moja kwa moja, hatazami kushoto wala kulia. Alipiga magoti, haki ya nani, alipiga magoti akanyoosha ulimi chini ya sanduku. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, majike na mitamba, wakisukumana kwa pembe. Nikainama kutazama. Kizibo kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kinachuruzika kama bomba.

Karani wa soko akaja mbio akatuamuru tuondoe kidude chetu kabla hakijaua mtu. Javan, uso umempauka, akashika mikono ya sanduku akasukuma. Maji yakachora mstari mrefu mchangani, na ng'ombe wakaingia kwenye mstari, mmoja nyuma ya mwingine, ndimi nje. Javan akaongeza mwendo, nao wakaongeza. Javan akakimbia, nao wakakimbia. Akazunguka nguzo za mafahali, akapita katikati ya wauza tumbaku, akarudi alikotoka, na wale ng'ombe hawakuacha hata kona moja. Ogwedhi nzima ilicheka. Watu wazima walishikana mabega wasianguke. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mwiko mkononi, namweleza Javan kwa sauti ya juu kila kitu nilichowahi kufikiri juu ya kizibo kile.

Ndipo nikaona watu mbele wanasogea kando. Tata alikuwa amesimama katikati ya njia. Javan akasimama kwa kuwa hakuwa na pa kupita, na ng'ombe wakasimama, wakalizunguka sanduku wakaendelea kulamba kana kwamba wako nyumbani. Na kweli ni wa nyumbani, ng'ombe wa Tata. Sasa ndipo nilipomtambua yule mwekundu. Nilipoolewa nilimwacha ndama.

Tata akawageukia watu. Akauliza kwa Kiswahili, ili kila kabila lisikie, "Nani amewafunga kamba ng'ombe hawa?"

Watu wakatazamana, wakajibu kwamba hakuna.

"Nani amewachapa fimbo?"

Hakuna. Hata yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa mitupu, na tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Tata bila fimbo.

"Na wanamfuata nani?"

Mama mmoja muuza tumbaku akanyoosha kidole kwa Javan, ambaye jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Tata akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepima fahali. Kisha akanijia.

"Rispa," akasema. "Nina njaa."

Nilifungua mkebe, kijiko cha kwanza cha aiskrimu nikakimwaga chini, fahali akailamba. Nikachota kingine, nikakiweka kwenye jani la mgomba, nikampa kwa mikono miwili. Akala. Akakunja uso wote, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani nimemuua. Machozi yalimtoka, na mpaka leo sijui ni ya baridi au ya nini. Yangu mimi yalikuwa ya furaha, yalimwagika ovyo, nikayapangusa na kitambaa cha sanduku.

"Kinauma meno," akasema Tata. Akalamba jani, akaninyooshea tena.

Nilipokuwa nachota, kaka yangu Gisiri akafika anahema, amezungukwa na vumbi. Alikuwa ameachwa nyuma njiani, na alikuwa na malalamiko mengi. Akanivuta kando akaniuliza kama nimeona dalili yoyote kwa mzee, kwa sababu nyumbani wanadhani kichwa chake kimeanza kuchoka. Tangu soko lililopita, akasema, Tata amewanyima ng'ombe chumvi. Hata kidogo. Wiki nzima ng'ombe wamelamba kuta, wamelamba mpini wa jembe, wamemlamba Gisiri shati mpaka likatoboka. Alipojaribu kuwapa kwa siri, Tata alimfukuza. Na leo alfajiri amewatoa zizini wote kumi na mmoja, amewavua kamba mmoja mmoja kwa mkono wake, ameiacha fimbo yake mlangoni, akawaleta sokoni. Gisiri alimuuliza ni yupi anataka kumuuza, na mzee akaendelea kutembea.

"Wewe unaelewa kitu hapo?" akaniuliza.

Nilimtazama Tata. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa sanduku, ameegemeza mgongo, analamba jani lake, na kando ya goti lake yule fahali mwekundu analamba tundu. Javan amesimama karibu nao, kwa mara ya kwanza maishani mwake yuko katikati ya ng'ombe na hakimbii. Akaniona namtazama, akainama haraka kushika kizibo, apate kukikaza.

Nikamwambia akiache kivuje. Nikachukua jani kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, nikalijaza mpaka aiskrimu ikamwagika, nikampelekea baba yangu.