Bwana Harusi Kwenye Daraja la Malaika

Raigo alimwona Virve kwenye ngazi za ofisi ya ndoa, utepe mwekundu wa kiongozi wa harusi kifuani, fimbo ya kengele mkononi, na uso wa Raigo ukapauka kama uliopakwa unga. Virve akamtabasamia kwa meno yote. Tabasamu hilo alikuwa amelitunza miaka mitatu.

"Hongera, bwana harusi. Leo uko mikononi mwangu. Shangazi wa bibi harusi kanitafuta kwa simu, anasema anataka mtu anayeujua mji huu wa Tartu wote, sanamu kwa daraja."

"Mama Virve, mimi sikujua kama..."

"Ungejuaje? Ingia ndani, bibi harusi anakungoja. Na kungoja wewe unakujua kulivyo. Au tuseme, unajua kungojwa."

Raigo aliingia. Angefanya nini? Kumfukuza kiongozi wa harusi mlangoni kulitaka sababu, na sababu yake ilikuwa hii: miaka minne alikula mezani kwa Virve, akaitwa mwanangu, akamchumbia Eneli, binti pekee wa mama huyo. Wakakubaliana kwamba siku ya harusi watu wote wangoje juu ya Daraja la Malaika, naye Raigo aje na marafiki zake kutoka upande wa pili wa kilima, ambebe Eneli mpaka ng'ambo, ndipo waende kufungishwa ndoa. Mpango huo Virve ndiye aliyeubuni. Alikuwa kaongoza harusi za watu nusu ya maisha yake, na ya mwanawe aliitaka iwe na pambo lake. Wakangoja. Mvinyo wa mapovu ukachemka juani. Watalii wakapita, wakampiga picha Eneli na gauni lake jeupe wakidhani ni maonyesho. Raigo wakati huo alikuwa kwenye basi la kwenda Riga, nchi ya jirani, simu kaizima. Hakuandika neno, hakutuma mtu. Eneli akahamia Finland, akawa anaosha vyombo kwenye meli, na mpaka leo mama yake akimpigia simu hujibu kwa maneno mawili matatu kama anayelipia kila neno.

Na Liivi, bibi harusi mpya, hakujua lolote. Raigo alimwambia kwamba hajawahi hata kumnunulia mwanamke mwingine pete.

Ndoa ikafungwa. Wakatoka nje, ndugu wa Liivi wakawamwagia nafaka, na Virve akatikisa kengele.

Kwao huko, tangu mtoke ofisini mpaka mkae mezani, maharusi ni mali ya kiongozi. Anawazungusha mjini, na kila kituo anatoa kazi. Bwana harusi hakatai. Akikataa amejiaibisha mbele ya wakwe, na wakwe hawasahau. Ipo njia moja tu ya kuponea: bibi harusi anaweza kumkomboa kwa kuifanya kazi hiyo yeye mwenyewe. Virve hakuitia maanani njia hiyo. Mabibi harusi wengi aliowaongoza walishika mikia ya magauni yao wakacheka, wakamwacha mwanamume ahangaike.

Kituo cha kwanza kilikuwa sanamu ya nguruwe wa shaba pale sokoni, yule aliyechorwa mistari ya vipande vya nyama mwilini. Virve akapanda kwenye kidato cha sanamu.

"Jamani! Nguruwe huyu ana sifa moja. Kila mtu anajua atakatwa wapi, na yeye anajua, na bado hajaondoka mahali pake. Bwana harusi, piga magoti, mshike masikio, umwapie kwamba wewe hutakimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba wa Liivi, Kalju, mfuga ng'ombe mwenye shingo nene na sauti ya kuita mifugo, akapiga kelele, "Apa, kijana! Nguruwe ni shahidi mzuri, hali rushwa!"

Raigo alipiga magoti. Akayashika masikio, akayafuta vumbi. Virve alimwinamia, akanong'ona, "Neno moja tu. Kukimbia. Gumu hilo?"

"Namkomboa!" Ilikuwa sauti ya Liivi. Kabla mtu hajasema, msichana yule mpana wa mabega, aliyekulia kati ya ng'ombe wa maziwa, alishapiga magoti na gauni lake, kamshika nguruwe masikio. "Mimi Liivi kutoka Võru naapa sikimbii. Na akikimbia huyu, nitamkimbiza. Nina mbio!"

"Chungu! Chungu!" wakapiga kelele wageni, ndiyo desturi, chakula na kinywaji ni vichungu mpaka maharusi wabusiane. Wakabusiana. Virve akatikisa kengele kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Pigo lake lilikuwa limeangukia mahali pasipouma.

Mbele ya jumba la manispaa, kwenye chemchemi ya wanafunzi wawili wanaobusiana chini ya mwavuli, alijaribu tena. "Wale pale miaka yote wanabusiana mvua na theluji. Bwana harusi, tueleze wewe umewahi kumwacha nani mvuani!"

"Ng'ombe!" alidakia Liivi, huku akicheka. "Mwezi uliopita kamsahau ng'ombe wa baba nje usiku kucha. Namkomboa, nimeshajibu."

Kwenye daraja la upinde juu ya mto, Raigo alimbeba mkewe ipasavyo. Kalju akawa nyuma yake akimhimiza. "Kaza mgongo! Huyo kalelewa kwa siagi! Ukimdondosha mtoni mto utafurika!" Wanafunzi waliokuwa wamekaa juu ya upinde wakapiga makofi. Virve alitembea kando, akimtazama Raigo jasho linavyomtiririka hadi kwenye kola, na alimwombea kwa moyo wote asidondoke. Asidondoke hapa. Hapa si mahali pake.

Wakapanda kilima cha Toome. Kwenye sanamu ya mwanasayansi aliyekaa kitini, ambaye wanafunzi humwosha kichwa kwa shampeni kila majira ya kuchipua, wageni walisimama wakafungua chupa. Raigo alimvuta Virve pembeni, upande wa Daraja la Shetani, daraja jingine la kilima hicho.

"Mama, nakuomba."

"Mama nani? Jina hilo nilikupa, nikakunyang'anya."

"Nilikuwa mpumbavu. Niliogopa. Sikujua la kumwambia Eneli."

"Usilitaje jina lake kwa mdomo uliotoka kumbusu mwingine. Uliogopa nini? Msichana wa kilo hamsini?"

"Niliogopa... sijui. Kila mtu alikuwa na furaha mno." Akafuta jasho. "Liivi hana kosa. Unataka kumchoma yeye?"

Neno hilo lilimgusa Virve, na kwa sababu lilimgusa lilimzidishia hasira. Raigo angekuja na bibi harusi mwenye maringo, mwenye kidevu juu, kazi ingekuwa nyepesi. Kaja na huyu anayepigia nguruwe magoti.

"Basi mwambie wewe mwenyewe, kabla hatujafika kwenye daraja," alisema. "Hatua zipo za kutosha."

"Siku ya harusi yake?"

"Eneli aliambiwa siku gani?"

Raigo akakaza meno. "Nitawaambia wageni umelewa. Nitakutoa."

"Waambie. Kalju anaujua mwendo wa mlevi, anauona kila Jumamosi kwenye kioo. Halafu atakuuliza mama huyu kakukosea nini. Utaanzia wapi?"

Raigo akamwacha pale pale. Alirudi kwa watu, akanywa glasi mbili moja juu ya nyingine, akashika mkono wa Liivi, na njia nzima Virve aliutazama mgongo wake akingoja umgeukie mkewe aseme. Haukugeuka.

Daraja la Malaika lilikuwa tupu, rangi yake ya manjano iking'aa katikati ya miti. Wenyeji huvuka hapo wamezuia pumzi, wakiomba jambo moja moyoni. Wageni wakaanza kujaza mashavu wakichekana. Virve aliinua fimbo.

"Pumzi baadaye! Bibi harusi, vuka peke yako, simama mwisho kule. Bwana harusi, simama katikati. Hapo hapo. Unapajua." Sauti hiyo alikuwa ameizoeza jikoni. "Kazi ni ndogo. Taja kwa sauti jina la yule aliyekungoja mahali hapo."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani kuna mzaha unakuja nyuma yake. Haukuja. Raigo alitazama mbao za daraja. Akatazama barabara inayopita chini yake.

"Namkomboa!" Liivi alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Jina gani?"

"Hili huwezi, binti yangu," alisema Virve. "Hulijui."

"Nipe basi, nilitaje. Mimi namkomboa kwa kazi zote, ndiyo desturi."

Virve aliona kwamba huo ndio mlango, na mlango wenyewe ulikuwa msichana huyo. Hakuna njia ya kumfikia Raigo bila kumkanyaga. Alikawia kiasi cha pumzi moja. Kisha akakanyaga.

"Eneli. Mwanangu. Miaka mitatu iliyopita, mwezi kama huu. Alisimama hapo alipo mumeo, na gauni kama lako, na watu wengi kama hawa. Mpaka leo hajaambiwa kwa nini."

Nyuma kabisa binamu mmoja aliyelewa, ambaye hakusikia vizuri, akapiga kelele, "Chungu! Chungu!" na mtu akamziba mdomo.

Liivi alirudi polepole mpaka katikati ya daraja. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Kweli?"

"Liivi, nilitaka kukwambia..."

"Nimekuuliza kweli au si kweli. Siyo ulitaka nini."

"Kweli."

"Alingoja mpaka lini?" Sasa alimuuliza Virve.

"Mpaka nilipombeba. Miguu ilikataa."

Kalju alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. "Mjomba, tulia," alisema Liivi bila kumtazama. Akakitazama kishada cha maua mkononi mwake, kisha akamkabidhi mumewe. Raigo akapokea, maana mtu akinyooshewa maua hupokea.

"Eneli," alisema Liivi kwa sauti kubwa, wote wasikie. "Haya, nimemkomboa. Jina limetajwa. Sasa na mimi nina kazi yangu. Raigo, simama hapa. Shika maua. Ningoje."

"Unakwenda wapi?"

"Kula. Watu wana njaa."

"Utarudi saa ngapi?"

"Eneli alijua saa ngapi?"

Akakusanya mkia wa gauni, akateremka kilima mbele ya watu wote, na Virve akalazimika kukimbia kidogo ili awe mbele, maana yeye ndiye kiongozi. Hakuna aliyecheka. Nyuma yao Raigo alibaki na viatu vyake vya kung'aa, na kundi la watalii lilikuwa linapanda kutoka upande wa pili, simu mkononi.

Ukumbini supu ililetwa, ikaletwa nyama baridi iliyogandishwa katika mchuzi wake, na viazi. Wapiga muziki hawakujua wapige nini, Kalju akawaambia wapige polka, basi. Liivi alicheza na baba yake, akacheza na mjomba, akacheza na yule binamu mlevi. Jua la Juni lilikuwa bado juu, halina haraka ya kwenda popote. Mara mbili alisimama dirishani, upande unaoonekana miti ya Toome. Wingu lilikuwa limeanza kukusanyika juu yake.

Mwishowe alikuja akakaa karibu na Virve, gauni lina doa magotini la pale kwa nguruwe. Macho yalikuwa yamevimba. Akajimiminia maji.

"Mama," alisema, "wewe ndiye kiongozi leo. Niambie. Nikamchukue?"

Virve alitazama dirishani. Tone la kwanza lilipiga kioo, kisha la pili. Miaka mitatu alikuwa ameila hasira hiyo peke yake, na sasa kapata mtu wa kukaa naye mezani. Alivuta sinia ya nyama, akakata kipande kinene, akakiweka kwenye sahani ya msichana, akaongezea na haradali.

"Bado," alisema. "Kula kwanza."