Matambara Ndani ya Ekzosi

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye leseni na wasio nayo, kwamba asubuhi ya mtihani wa vitendo, katika karakana ya magari ya chuo cha ufundi, mwanafunzi wa mwaka wa pili alikamilisha kazi safi kuliko zote alizowahi kuzigusa. Hakuacha hata alama ya grisi. Kazi yenyewe ilikuwa kuziba ekzosi ya gari la mtihani kwa matambara.

Mwanafunzi huyo aliitwa Nati, kwa kuwa kila injini aliyoifungua na kuifunga ilibakisha nati moja mezani. Siku hiyo hakubakisha kitu. Aliyasokomeza matambara ndani ya bomba hilo la moshi, akayakaza kwa waya yasije yakafyatuka, kisha akaenda kunawa kwa utulivu wa mtu aliyetoka kusali.

Mlengwa alikuwa kiranja wa darasa, kijana aliyepiga ovaroli pasi, ambaye kila mtihani huwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kujisifu. Utaratibu ulijulikana. Mwalimu huharibu kitu kimoja kwenye gari. Mwanafunzi hukitafuta, hukitengeneza, kisha huwasha. Ufunguo huzungushwa mara tatu tu. Gari likigoma mara ya tatu, umefeli. Na ukisaidiwa na mwenzako umefeli papo hapo, hata gari liwake vipi.

Nati alipanga hivi: kiranja ahangaike, atokwe jasho, watu wacheke, basi. Lakini mwalimu alipoita mtu wa kwanza, kiranja aliinamisha kichwa kwa adabu ya kuudhi.

"Mimi sina haraka, mwalimu. Atangulie dada."

Dada mwenyewe alikuwa shangazi yake Nati. Shangazi wa damu, mdogo wake baba, kitinda mimba wa bibi, aliyemzidi Nati miaka miwili na kudai heshima ya miaka ishirini. Muhula uliopita alifeli mtihani huuhuu. Chuo hakitoi nafasi ya tatu: akifeli leo anafungasha, anarudi kwa kaka yake kuuza dukani, kule alikokukimbia.

"Nati, nishikie koti," alisema. "Na usilikalie."

"Shangazi..."

"Nini tena?"

"Kila la heri."

Alizungusha ufunguo mara ya kwanza, ya kusikiliza tu. Stata ilizunguka kwa nguvu, injini haikuwaka. Akafungua boneti, akatoa taa ya kupimia umeme, akaipitisha kwenye fuzi moja baada ya nyingine bila pupa. Ya pampu ya mafuta ilikuwa imeungua. Akabadilisha, akatega sikio, pampu ikanguruma kidogo chini ya kiti cha nyuma. Alitabasamu. Nati, aliyekuwa amesimama ukutani mbele ya gari, alitamani ardhi immeze pamoja na koti.

Mara ya pili injini ilikohoa, ikatweta, ikazimika.

"Fuzi umeipata," alisema mwalimu, huku naye amekunja uso. "Lakini gari halijawaka. Imebaki mara moja."

Shangazi alikagua plagi. Akakagua chujio la hewa. Hakuona kasoro, kwa sababu kwa mbele hapakuwa na kasoro. Mwisho akaingia ndani, akashika ufunguo.

"Shangazi, usiwashe!" Nati alipiga kelele. "Tazama ekzosi!"

Mwalimu akafunika kalamu yake.

"Umesaidiwa. Umefeli. Teremka."

Shangazi aliteremka, akaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja.

"Na wewe," mwalimu alimgeukia Nati, "umejuaje ya nyuma na umesimama mbele?"

"Sauti, mwalimu. Nimesikia linavyopumua kwa shida."

"Wewe? Wewe uliyemimina oili kwenye rejeta badala ya maji wiki jana?"

Watu walicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amemaliza glovu, sasa anafungua vifungo vya ovaroli.

"Sikumsaidia, mwalimu," Nati alisema. "Mimi ndiye niliyeziba. Matambara. Nilimtegea kiranja."

"Mimi?" kiranja aliruka. "Nimekukosea nini?"

"Umepiga ovaroli pasi."

Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya gari. "Toa. Kosa langu mimi lilikuwa fuzi, na hilo alishalipata mwenyewe."

Nati alilala chali. Ilichukua muda, maana waya ulikuwa umekazwa barabara.

"Umefunga vizuri," mwalimu alikiri.

"Asante, mwalimu," Nati alijibu kabla hajajizuia.

Shangazi akarudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka na kutulia kama haijawahi kuwa na neno na mtu. Mwalimu alifunua kalamu tena, akaandika alama ya kufaulu.

"Kesho, Nati, uje na baba yako."

"Usijisumbue kumwita, mwalimu," alisema shangazi, akinyoosha mkono kudai koti lake. "Ni kaka yangu. Nitampigia mwenyewe, sasa hivi."

Mwalimu aliokota waya sakafuni, akaugeuzageuza.

"Huu umeutoa wapi?"

Nati alitazama viatu vyake.

"Ni ule wa redio ya ofisini kwako, mwalimu. Ndiyo maana leo hujapata taarifa ya habari."